Barua Mbili Ndani ya Bahasha Moja

Mdogo wangu aliondoka nyumbani kwetu Fizi siku ya soko, bila kuaga. Tulidhani ameteremka mjini Baraka, kando ya ziwa, kumsaidia mjomba kuuza mihogo, na mpaka saa tisa mama alikuwa bado amemfunikia sahani yake ya bugali na sombe, majani ya mihogo. Jirani aliyerudi kutoka ziwani ndiye aliyetuambia. Vijana walikuwa wanaandikishwa jeshini, wamejaza boti mbili za kwenda kusini, na wa kwetu alikuwa kwenye ile ya pili, amekaa ukingoni anacheka na wenzake.

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mwaka uliotangulia alipata diploma yake ya Serikali ya kumaliza sekondari, na tangu hapo hakuwa na la kufanya, kwa sababu chuo kilikuwa mbali na barabara zote zilikuwa na vita. Miji ya kaskazini ilikuwa inaanguka mmoja baada ya mwingine mikononi mwa waasi, ambao wengi wao walisema Kinyarwanda. Kila redio iliwaita vijana. Mimi ni kifungua mimba, ninafundisha darasa la tano hapo Fizi, na wakati ule tulibaki watatu nyumbani: baba, mama na mimi.

Baba ni mkulima na shemasi wa kanisa letu. Miaka mingi nyuma mdogo wake aliuawa katika mapigano ya kule juu, kwenye milima mirefu ambako ndugu zetu wanaosema Kinyarwanda hufuga ng'ombe wao. Hakuwahi kutusimulia vizuri ilivyokuwa. Ila tangu siku ile hakunywa tena maziwa ya kule, na mtu akitaja watu wa kule mbele yake, yeye huinuka na kwenda kutazama shamba, hata kama mvua inanyesha. Aliposikia habari ya boti alimwambia mama kwamba yeye amekwisha kuzika mdogo wake kwa ajili ya vita hivi, hatangoja kuzika na mtoto. Akasema jina la yule kijana lisitajwe nyumbani mpaka atakapoingia mlangoni kwa miguu yake.

Mama hakubishana. Aliendelea kumtaja katika sala, kwa sauti.

Barua ya kwanza ilifika baada ya miezi miwili na nusu. Ililetwa na mama mmoja mchuuzi wa ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kutoka Kazimia, ambaye husafiri kwa boti mpaka bandari za kusini na kurudi. Alimpa motari, dereva wa pikipiki anayepanda Fizi, motari akanipa mimi langoni mwa shule. Ilikuwa karatasi mbili zilizochanwa kwenye kaye, daftari la shule. Nilitambua mwandiko kabla ya kuifungua: herufi zake zote huinamia kushoto, kama mtu anayetembea dhidi ya upepo.

Nilimsomea mama jikoni. Baba alikuwa nje, ananoa jembe kwa tupa. Mdogo wangu aliandika kwamba simu zao zilichukuliwa siku ya kwanza, zikatiwa ndani ya gunia, na hakuna aliyeziona tena. Wanaamshwa saa kumi alfajiri, wanakimbia mpaka jua linatoka. Bunduki walizopewa ni za mbao, kwa sababu za kweli zimekwenda vitani. Wanakula maharage na unga wa mahindi, na mahindi yenyewe yana wadudu, lakini mtu akiwa na njaa haulizi. Halafu akaandika: "Ninayelala naye kitanda kimoja ni kijana wa kule juu kwetu. Usingizini anasema lugha yao, wengine wanamtupia viatu."

Niliisoma sentensi hiyo yote kabla ya kuelewa ninasoma nini. Sauti ya tupa ilinyamaza. Baba akaja mlangoni na jembe mkononi.

"Ni nani analala karibu na mtoto wangu?" akauliza.

Nikarudia nilichosoma. Baba alimtazama mama, kisha akarudi nje, na hatukusikia tena tupa siku hiyo.

Mama aliniambia jibu, nikaliandika. Baba hakuongeza neno.

Barua ya pili ilikuwa fupi na mwandiko ulikuwa umeharibika. Mwenzao mmoja alikufa kwa kuharisha. Walimzika nyuma ya banda na kurudi kwenye mazoezi kabla ya chakula. Kuhusu yule wa kule juu, aliandika kwamba wenzao walimpiga, wakamwambia ametumwa kupeleleza. "Mara ya kwanza nilinyamaza," aliandika. "Mara ya pili sikunyamaza, na mimi nikapata zangu. Jino moja linacheza, lakini msiwaze." Niliposoma hapo mama aliweka mkono wake shavuni, mahali pale pale, kana kwamba amepigwa yeye. Baba, aliyekuwa amekaa ukumbini safari hii bila kujificha, alisema kwamba mtoto wake atakufa kwa ajili ya mtu ambaye ndugu zake wasingemzika mtoto wa kwetu. Nilitaka kumjibu, lakini mama alinikanyaga mguu.

Siku hizo hali ilikuwa inabadilika kila juma. Kwenye barabara ya kwenda Baraka vijana wenye silaha, wa kwetu wenyewe, walikuwa wameweka barieri, kizuizi cha njia. Walikuwa wanasema wanalinda nchi, na wengine kweli walikuwa wanailinda. Lakini walikuwa pia wanapekua mifuko na simu. Motari mmoja tuliyemfahamu alipigwa mpaka akavunjika mkono kwa sababu simu yake ilikuwa na wimbo wa kanisa wa Kinyarwanda, ambao hata hakujua umeingiaje. Watu walijifunza kufuta, kuchoma na kukaa kimya.

Katika hali hiyo ndipo ilipofika barua ya tatu. Bahasha ilikuwa nene. Ndani mlikuwa na barua yetu, na ndani ya barua yetu karatasi nyingine ndogo, imekunjwa mara nne na kugandishwa kwa uji wa unga. Juu yake hapakuwa na jina.

Mdogo wangu alieleza. Mama wa mwenzake alikimbia nyumba yake ilipochomwa, sasa yuko Baraka pamoja na familia nyingine za kule juu, katika depo, ghala la zamani nyuma ya kanisa. Tangu kijana aingie kambini, mama huyo hajapata habari yoyote. Hajui kama yu hai. Hakuna mchuuzi wala motari anayekubali kubeba barua ya namna hiyo. "Dada, sikulazimishi," aliandika. "Kama inawezekana."

Baba alinyoosha mkono. Niliendelea kuishika ile karatasi.

"Ichome," akasema. Hakupaza sauti. "Wakiikuta katika nyumba hii, hawatauliza nani aliandika. Watauliza nani anaishi humu."

Na alisema kweli. Nilijua alisema kweli. Niliichukua kama mtu anayeipeleka jikoni, nikaiweka ndani ya kitabu changu cha hesabu cha kufundishia.

Siku mbili baadaye nilikuwa shambani na mama, tunang'oa mihogo. Alikuwa amenipa mgongo. Akaniuliza kama niliichoma. Nikasema hapana. Akaendelea kung'oa, akakung'uta udongo, akapanga mihogo yake ndani ya kikapu moja moja. Halafu akasema, bila kugeuka, "Mi niko na barua tatu. Ule mama iko na ngapi?"

Basi nikaenda.

Nilikuwa na sababu nzuri ya safari. Insha za darasa langu zilitakiwa kwenye biro, yaani ofisi, ya ukaguzi wa shule Baraka, na direkta wetu wa shule alikuwa anatafuta mtu wa kuzipeleka. Lakini barua iliyogandishwa katikati ya insha ingeonekana mara moja. Nilikaa nayo mezani muda mrefu. Mwishowe niliishika juu ya mvuke wa sufuria mpaka uji ule ukalainika, nikaikunjua, nikaibana chini ya vitabu ili inyooke. Nilikuwa nimefungua barua ya mtu, na niliona haya. Ilikuwa karatasi ya kaye kama zile nyingine, yenye mistari ile ile ya buluu. Ilianza na maneno "Mama, ndaho", yaani, Mama, niko mzima. Hayo niliyaelewa; kila mtu wa kwetu aliyewahi kwenda sokoni zamani, wakati watu wa juu walikuwa bado wanateremsha siagi na maharage, anayaelewa. Mengine sikuyasoma. Niliiweka katikati ya insha thelathini na nane, nikafunga furushi kwa kamba.

Motari aliyenichukua nilimfahamu kanisani. Sikumwambia kitu. Barabara ilikuwa na matope, tuliteremka polepole, na nilikuwa nimekumbatia furushi tumboni kama mama mjamzito.

Kwenye barieri walikuwa wanne. Watatu walikuwa vijana. Wa nne alikuwa mzee kidogo, wa umri wa baba, amekaa juu ya gogo anakula muhindi wa kuchoma. Mmoja wa vijana, mwenye kofia ya sufu, alitaka kujua ninabeba nini. Nikamwambia ni insha za watoto. Akaniambia nifungue.

Alipekua kwa kidole kilicholowa mate, karatasi moja baada ya nyingine, kwa utaratibu ambao sikuutegemea. Nilikuwa nasema moyoni, atachoka. Hakuchoka. Alipofika katikati akasimama.

"Hii haukusahihisha," akasema.

Hapo nikaona kosa langu. Karatasi zote thelathini na nane zilikuwa zimejaa wino wangu mwekundu. Ile moja ilikuwa safi.

Nikamwambia ni ya mwanafunzi aliyechelewa kuileta. Akaigeuza, akaitazama, akanirudishia. "Soma," akasema.

Niliishika. Motari wangu alikuwa amegeuka anatazama gurudumu la nyuma. Nikaanza kusoma, na nilichosoma hakikuwa kimeandikwa popote. Nilisoma kwamba mama yangu huamka mapema kila Jumamosi. Kwamba mimi ninateka maji na dada yangu anafagia. Kwamba baba anatupeleka shambani kupalilia karanga, na tukimaliza tunakwenda kuoga mtoni. Nilikuwa nimesoma insha thelathini na nane za namna hiyo. Maneno yalikuja yenyewe, lakini macho yangu yalibidi yatembee juu ya mistari mingine kabisa, na niliogopa kwamba mdomo utamaliza kabla ya macho, au macho kabla ya mdomo.

Yule kijana alikaribia. Aliweka kidole kwenye neno la kwanza. "Hapa ni 'Mama'?"

"Ndiyo," nikasema. "Inaanza na Mama."

Alifurahi kidogo kwamba amelijua. Kidole chake kikasogea kwenye neno la pili, na midomo yake ikaanza kuunganisha herufi. Nilisikia wazi pumzi yake ikitafuta sauti ya kwanza.

"Lete hapa," akasema yule aliyekaa juu ya gogo.

Kijana akampelekea. Mtu yule alipangusa mkono kwenye suruali, akachukua karatasi, akasoma. Hakuitazama tu; aliisoma, midomo ikicheza kidogo, mstari kwa mstari, kutoka mwanzo mpaka chini, kisha akageuza na kusoma upande wa pili. Nilifikiri juu ya baba na jinsi alivyosema watauliza nani anaishi humu.

Akaniuliza mwanafunzi huyo ni wa wapi. Nikajibu wa Fizi.

Aliinuka, akaja mpaka nilipo, na kwa mkono wake mwenyewe akaiweka karatasi katikati ya furushi na kulinganisha kingo. Alikuwa ananuka moshi na muhindi. Akasema chini chini, bila kunitazama, "Umwambie ule mama asomee ndani."

Halafu akawageukia wenzake. "Fungua. Mwalimu anachelewa."

Tulipopita kona ya kwanza motari alisimamisha pikipiki, akateremka, akatapika kando ya njia. Hakuniuliza kitu, siku hiyo wala baadaye. Yule mtu wa gogo sikumwona tena, wala sijui lugha ile aliijulia wapi. Pengine alichunga pamoja nao alipokuwa mtoto. Pengine aliwahi kuoa huko. Watu wa umri wake wana mambo mengi ya zamani ambayo sasa hawayasemi.

Depo ile niliipata baada ya kuwasilisha insha. Ilikuwa jengo refu la mabati, limegawanywa ndani kwa mashuka na maturubai ya plastiki. Mama niliyemtafuta alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, na binti yake wa miaka kama kumi na tano alikuwa kando anashona. Nilimsalimu, nikamwambia mimi ni dada wa kijana aliyeko kambini pamoja na mtoto wake, na kwamba nimeleta barua.

Hakunyoosha mkono. Aliitazama ile karatasi kama kitu kinachoweza kumuunguza. Baadaye nilielewa: kwao, kwa miaka ile, karatasi zilizoletwa na wageni zilikuwa za majina ya waliokufa.

"Ameandika yeye mwenyewe?" akauliza.

"Yeye mwenyewe, mama. Tusomee huku ndani."

Tukaingia nyuma ya shuka. Binti alisoma kwa sauti ya chini, kwa lugha yao, na mimi nilikaa kwenye debe nikitazama uso wa mama yule. Ulikaza, ukalegea, ukakaza tena. Mahali fulani akacheka, akajifunika mdomo kwa kitambaa. Akanieleza kwa Kiswahili, "Anasema wanakula maharage matamu. Anadanganya. Huyu hakuwahi kupenda maharage."

Halafu binti akasoma kipande kingine, na wote wawili wakanigeukia. Niliogopa. Binti akanifasiria: katika matembezi marefu ya siku tatu, kidonda cha mguu cha kaka yake kilioza, akashindwa kutembea. Mkufunzi akasema aachwe chini ya mti. Mdogo wangu akambeba mgongoni, kutoka mchana mpaka giza lilipoingia.

Hilo hakutuandikia. Katika barua zote tatu hakulitaja hata kwa neno moja.

Mama yule alinishika mikono, akaniuliza jina la mama yangu na jina la baba yangu, ili awaombee. Nilimwomba msamaha kwa kufungua barua yake. Akasema ningeileta imefungwa isingefika. Jibu lake aliliandika binti, kwa Kiswahili kwa makusudi, ili liweze kupita. Halikuwa na jina la mtu yeyote, ila lilimshukuru yule aliyembeba mtoto wake mpaka giza.

Nilirudi Fizi siku ya pili. Baba alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Sikuwa na nguvu ya kutunga tena, kwa siku mbili nilikuwa nimetunga vya kutosha. Nikamwambia nilikokuwa, nikamwambia na ya barieri. Sijawahi kumwona baba ameogopa namna ile. Mikono yake ilitafuta kitu cha kushika ikakosa. Nilidhani atanipiga, mimi mwalimu mzima. Akasema nimpe hiyo barua ya mama yule.

Aliisoma akiwa amesimama. Alipomaliza akaikunja kama ilivyokuwa.

"Alimbeba mpaka giza?"

"Ndivyo mwenzake alivyoandika."

"Huyu," akasema baba, "gunia la mihogo lilikuwa linamshinda." Akaingia ndani.

Kwa siku kadhaa hakusema na mimi. Lakini nilipokuwa ninaandika jibu la mama, kama kawaida yetu, alikuja akasimama nyuma yangu na kuomba kalamu. Aliandika chini ya maneno ya mama, kwa herufi zake kubwa za shemasi: "Mimi baba yako nimesoma barua zako. Rudi." Mama aliondoka ukumbini haraka, akisema anasikia kuku.

Barua hizo mbili, yetu na ya mama yule, nilizipeleka Kazimia mwenyewe, nikamkabidhi mama wa ndagala mkononi. Ni hizo za mwisho kwenda.

Kabla ya mwezi kwisha, mji mkubwa ulioko kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa ulianguka. Watu walishuka kwa barabara na kwa boti, magodoro kichwani, mbuzi, majiko, wazee ndani ya mikokoteni. Shule yetu ilifungwa ili waliokimbia wapate pa kulala. Milio mikubwa ilisikika mbali, kama mtu anayefunga milango ya nyumba kubwa upande wa pili wa mlima. Majirani wengi waliondoka. Baba alikataa kuondoka, na mama hakutaka kuondoka bila baba, basi tukabaki, vifurushi vyetu vimefungwa karibu na mlango.

Ndipo ikafika barua ya nne, nusu ukurasa tu. Hawakumaliza mafunzo. Miezi kadhaa ya mafunzo ilikuwa bado, lakini siku hiyo walipewa bunduki za kweli na kuambiwa watapanda malori kesho yake. Hawakuambiwa wanakwenda wapi. "Mwenzangu hayuko kwenye orodha," aliandika. "Wote wa lugha yake wametolewa kwenye mstari, wamekalishwa chini uwanjani. Nilimuuliza mkubwa, akaniambia nifunge mdomo kama nataka kupanda lori nikiwa mzima. Dada, sijui wanawafanyia nini. Baba mwambie nimepata neno lake."

Ilikuwa imeandikwa wiki tatu kabla ya kutufikia.

Niliteremka tena Baraka, bila insha safari hii, na barieri haikuwa na mtu. Wote walikuwa wamekwenda mbele. Niliwaza njia nzima kama nimfiche mama yule au nimwambie. Nilipofika nilikuta watu wa depo wanafunga mizigo kwa ajili ya kuvuka ziwa, maana sasa kila mtu mjini alikuwa anawatazama wao kana kwamba ndio walioangusha ule mji. Nikamwambia. Nilimsomea maneno yenyewe, bila kupunguza.

Aliacha kufunga mzigo. Akaniuliza, "Walikuwa wamesimama ama wamekaa?"

"Wamekaa, mama."

"Kama wamekaa, bado hawajapelekwa," akasema, na akaendelea kufunga furushi lake. Fundo lile alilifunga na kulifungua mara tatu. Binti aliniandikia kwenye kipande cha karatasi namba ya simu ya ndugu yao aliye ng'ambo. Niliwasindikiza mpaka ufukoni. Walipanda boti pamoja na watu wengi mno, na nilibaki pale mpaka sikuweza tena kutofautisha vichwa.

Baada ya hapo ilikuwa kimya, miezi minne. Mama alipungua mwili. Baba alianza kwenda barabarani kila jioni kuwauliza wanajeshi waliokuwa wanapita kama wanamfahamu fulani, mtoto wa fulani. Na wao, vijana waliochoka wasiojua hata kijiji wanachopita, walikuwa wanamjibu hapana, mzee, kwa adabu.

Simu ililia nikiwa darasani, maana tulikuwa tumefungua tena nusu ya madarasa. Namba sikuijua. Sauti ya mwanamke ilijitambulisha kuwa muuguzi wa hospitali moja ya kusini, akasema kuna mtu anataka kunisalimu. Kisha mdogo wangu, anapiga kelele: "Dada, sema kwa nguvu, sikio moja halisikii!"

Watoto arobaini walikuwa wananitazama. Nilisema kwa nguvu. Sikumbuki nilisema nini.

Bomu lilianguka karibu na handaki lao katika juma lao la pili vitani. Waliokuwa kulia kwake hawakuinuka. Yeye sikio la kulia liliziba kabisa, na akawa na vyuma mguuni, vingine vilitolewa. Nilimuuliza juu ya mwenzake kabla ya kukata. Akacheka kwa sauti ile ile kubwa ya mtu asiyeisikia mwenyewe. Wale waliokalishwa chini hawakuuawa. Walifungiwa siku kumi na kuulizwa maswali, na walipigwa. Kisha, kwa kuwa hakuna mkubwa aliyetaka kuwapa bunduki, wakaachwa kambini kuchota maji na kupika. Kambi haikuwa mbali na hospitali. Mwenzake alipata habari ya malori ya majeruhi, akaja akimtafuta kitanda kwa kitanda. Sasa alikuwa anamletea uji kila Jumapili.

Namba ya ng'ambo nilipiga mara tatu haikupatikana. Mara ya nne akapokea binti. Nilimwambia kaka yake yuko hai, anapika uji. Hakupiga kelele. Alisema tu "ngoja", na nikasikia simu ikiwekwa juu ya kitu kigumu na miguu yake ikikimbia.

Mdogo wangu alirudi kiangazi kilichofuata, kwa ruhusa ya mwezi mmoja, akichechemea. Baba alimpokea mlangoni kwa mkono, kama wanaume wawili wanavyosalimiana, halafu hakuuachia ule mkono mpaka walipoketi. Siku za kwanza hatukumuuliza kitu. Siku ya nne au ya tano, tukiwa tunamenya mihogo uani, nilimwambia kwamba tulijua habari ya kumbeba mwenzake, na jinsi baba alivyoipokea.

Aliacha kisu. Akasema haikuwa vile. Mkufunzi alikuwa amesema kundi litakaloacha mtu nyuma litarudia siku zote tatu. "Mi niliogopa kurudia," akasema. "Wote tuliogopa. Nilimtukana njia nzima, dada. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyasema hapa." Akaniomba nisimwambie mama wa mwenzake.

Baba alikuwa karibu na alisikia. Alichukua muhogo mwingine kwenye kikapu. "Mimi mdogo wangu hawakumbeba," akasema. Alisema hivyo tu, na tukaendelea kumenya.

Jumapili hiyo simu ikalia kutoka ng'ambo. Mama yule alikuwa amesikia kwamba mtoto wetu yuko nyumbani, alitaka kumshukuru yeye mwenyewe kwa kumbeba mtoto wake. Mdogo wangu alinitazama kwa hofu, hofu ya kweli, kisha akachukua simu, akaigeuzia kwenye sikio zima na kutoka nje. Nilimwona kwa mlango, amesimama kati ya mikeka ya mihogo iliyoanikwa, ameinamisha kichwa. Alikaa huko muda mrefu. Kila mara alikuwa anajibu neno moja tu: ndiyo, mama, ndiyo, mama.